Mtoto chini ya miezi 6: chango, kukosa choo au kuhara? Tutofautisheje?

Mhudumu_Igombe: Wakuu, habari za humu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku mwaloni, kando ya ziwa wanakoshushia samaki. Mtoto wa wiki 7, ananyonya tu, uzito unapanda vizuri. Kila jioni analia mpaka anakunja miguu tumboni, na choo amekaa siku 5 bila kupata. Bibi anataka kumpa dawa ya mchango (chango, yaani maumivu ya tumbo ya mtoto), jirani anashauri kipande cha sabuni. Niwaelekezeje?

NesiKliniki: Sabuni waiache kabisa, inachubua njia ya haja. Mtoto anayenyonya tu akishavuka wiki 6 anaweza kukaa hata wiki bila choo. Angalieni choo chenyewe, siku msizihesabu: kikija laini, hajafunga choo. Akifunga choo kweli kinakuwa kigumu, vidonge vidonge kama vya mbuzi. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni mchanga aliyemaliza saa 48 tangu azaliwe bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza, au mtoto yeyote ambaye tumbo limejaa na kukaza.

Kilio cha jioni huanza wiki ya 2 au 3, hukolea karibu na wiki ya 6, kisha hupungua mwezi wa 3 au wa 4. Mwangalie mama akinyonyesha. Mdomo ukishika chuchu peke yake, mtoto anameza hewa. Unatakiwa uchukue na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Amalize titi moja ndipo apewe la pili. Akihamishwa haraka anapata maziwa mengi ya mwanzo yenye sukari nyingi, tumbo linajaa gesi na choo kinatoka cha kijani chenye povu. Akimaliza, amweke wima begani dakika 10 amcheulishe.

Mkunga_Mstaafu: Hiyo dawa ya mchango, mizizi au ya chupa, ni ile ile kwangu: hakuna anayejua kipimo, na inachanganywa na maji ya ziwa. Kesho mtoto anahara, inasemekana mchango umepanda! Asali nayo hapana mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli.

Kucheua maziwa kidogo si kutapika. Ila matapishi ya kijani, au yanayoruka mbali kila anaponyonya, au choo chenye damu na ute, usingoje asubuhi.

Mhudumu_Igombe: Asanteni. Na akianza kuhara kweli?

NesiKliniki: Kwanza hakikisha ni kuhara. Choo cha maziwa ya mama ni cha njano, chepesi, chenye chembechembe, hata mara 8 kwa siku. Kuhara ni pale kinapobadilika ghafla kuwa maji na kuongezeka.

Aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi. Soma pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayehara): nyingi ni za lita 1, yaani chupa 2 za nusu lita zilizojaa. Pakiti nzima, maji yote. Ukipunguza maji chumvi inazidi na kumdhuru, ukiongeza sukari, nayo inavuta maji tumboni na kuhara kunazidi. Maji ya ziwa yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, yachemke, yapoe. Kidonge cha klorini hakifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope. ORS ikishachanganywa isichemshwe, na ikipita saa 24 imwagwe.

Mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Zinki (madini anayopewa mtoto anayehara): nusu ya kidonge cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, ukiyeyushe kwenye kijiko cha maziwa ya mama.

Macho au utosi ukidumbukia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, au akashindwa kunyonya, ni hospitali saa hiyo hiyo, ORS mkononi njiani.

Mkunga_Mstaafu: Angalia na kadi ya kliniki: chanjo ya rota (kirusi kinacholeta kuhara) ni matone ya mdomoni, wiki ya 6 na ya 10. Huyo wa wiki 7 alipaswa kuwa ameshapata ya kwanza.

Mhudumu_Igombe: Nimeangalia, bado hajapata. Kesho wanakwenda.