Mjadala: Chama cha washairi cha taifa kimpokee kila chipukizi, au kwanza apimwe vina na mizani?

Mleta mada, Mtwara
Wakuu, salaam. Huku kwetu kila ziara ya kiongozi lazima mshairi apande jukwaani. Anaambiwa usiku: "Tutungie beti sita, umtaje mheshimiwa." Asubuhi anaghani, makofi yanapigwa, anapewa soda na nauli ya bodaboda. Mwenye maturubai kalipwa kwa risiti, mwenye spika kalipwa kwa risiti. Korosho ya Newala inapimwa, inaandikiwa stakabadhi ghalani, inakwenda mnadani. Shairi likishatoka kinywani halina mwenyewe.

Hoja yangu: chama cha taifa kifungue matawi mikoani, kipange malipo ya chini ya kughani, na kimwandikishe chipukizi hata kama mizani yake bado inapwaya. Wapo wanaotaka mtihani kwanza. Karibuni.

Mchangiaji, Lindi
Napinga. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, ina mizani (silabi) 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Asiyeweza hilo bado ni mwanafunzi, na si tusi. Hapa Lindi ndiko alikotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, mtunzi wa utenzi wa vita vya Majimaji. Yule hakusema vina vitakuja baadaye! Mkigawa kadi za uanachama ovyo, halmashauri itasema washairi wamejaa tele, na hiyo soda itapungua iwe maji.

Mchangiaji, Masasi
Ndugu yangu wa Lindi, bibi zetu wanatunga nyimbo za unyago papo kwa papo, na hakuna anayewahesabia mizani. Si watunzi hao? Mwandishi Kezilahabi alipotoa mashairi yake huru, yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za zamani, walisema huo si ushairi. Leo anasomwa vyuoni. Mtihani wenu ungemwacha nje.

Mchangiaji, Nachingwea
Mimi nauliza ada tu. Itakwenda Dar, mkutano Dar, uchaguzi Dar. Kadi ya kuweka kwenye pochi sina haja nayo.

Mchangiaji, Lindi
Masasi, wimbo wa unyago una kanuni zake, tena kali, na kungwi hampi nafasi asiyezijua. Umenisaidia hoja. Halafu ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ina kipengele cha ushairi. Anayejiamini apeleke muswada huko, asisubiri kadi.

Mleta mada, Mtwara
Tuzo ni jambo jema, ila inapokea muswada. Mghani wa Mikindani ambaye kazi zake zote ziko kichwani atapeleka nini? Na hata akipeleka, washindi wenyewe ni wachache nchi nzima.

Tumkumbuke mshairi Mathias Mnyampala. Alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ngonjera zake, yaani mashairi ya majibizano, hazikubaki kwa mabingwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilighaniwa na watoto wa shule kila kona.

Mchangiaji, Lindi
Ngonjera zilikuwa na vina, mkuu. Usizifanye mlango wa nyuma wa kukwepa vina.

Mleta mada, Mtwara
Zilikuwa navyo, sikatai. Watoto wale walivijua vina kwa kuzighani, hakuna aliyewatahini kwanza. Sasa nijibu wewe: mtahini wa Mtwara atateuliwa na nani, na mtunzi wa mashairi huru atapimwa kwa kipimo kipi?