Kompyuta za steshenari: kivinjari gani kinalinda siri za wateja?

Steshenari_Ngamiani aliandika:

Wakuu, asalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii.

Nina kompyuta mbili za steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Zote ni Windows 10, RAM GB 4. Wateja wengi wanakuja kujaza maombi ya ajira na mkopo wa chuo, kutuma barua pepe, kuskani vyeti na kuprinti. Kivinjari ni Chrome. Sasa ukibofya tu kisanduku cha barua pepe, inashuka orodha ndefu ya anwani za watu waliotangulia, na nyingine ukizichagua nywila inajijaza yenyewe. Hiyo ni amana ya watu, haifai kukaa hivyo.

Nataka kubadilisha kivinjari. Huyu anasema Brave, yule Firefox, mwingine Opera Mini ili kubana bando, na yuko aliyetaja Tor. Kipi kinafaa kwa duka? Dirisha fiche (Incognito) la Chrome halitoshi? Na kwenye simu ya Android yenye RAM GB 3 niweke kipi?

---

Fundi_Makorora alijibu:

Wa alaykum salaam mkuu. Tenganisha mambo mawili kwanza. Kuna taarifa zinazobaki ndani ya mashine, na kuna taarifa ambazo tovuti na watangazaji wanazikusanya mtu akiwa mtandaoni. Sifa za Brave unazozisikia ni za hilo la pili. Tatizo lako ni la kwanza: Brave ikiachwa ilivyokuja nayo itauliza kuhifadhi nywila vilevile kama Chrome, mteja atabofya "ndiyo" bila kusoma, na utarudi palepale.

Kabla ya kuweka chochote kipya, safisha Chrome. Hapa watu wanaharibu vya watu. Tazama picha ya duara iliyo juu kulia. Ikiwa kuna akaunti ya mteja imeingia na usawazishaji umewashwa, ukifuta nywila hapo zinafutika na kwenye simu yake. Toka kwanza kwenye akaunti, ndipo ubonyeze Ctrl+Shift+Delete, uchague muda wote, ufungue sehemu ya mipangilio ya kina na utie alama hata kwenye nywila na data ya kujaza kiotomatiki. Hizo mbili haziwekewi alama zenyewe, ndiyo maana mtu anasema amefuta historia na bado orodha ya barua pepe inashuka.

Akaunti hizo zinaingiaje? Tangu toleo la 69, mwaka 2018, mtu akiingia Gmail ndani ya Chrome, kivinjari chenyewe nacho kinaingia kwa akaunti hiyo. Kwa simu ya mtu binafsi ni sawa. Kwa mashine inayotumiwa na watu thelathini kwa siku, hapana.

Kwa duka weka Firefox. Sababu kubwa ni kwamba unaifunga kwa faili moja la maandishi, na mteja hawezi kubadilisha ulichopanga. Hatua zenyewe:

Ingia C:\Program Files\Mozilla Firefox, tengeneza folda iitwayo distribution. Fungua Notepad kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator", andika hivi, kisha hifadhi ndani ya folda hiyo kwa jina policies.json:

```
{
  "policies": {
    "OfferToSaveLogins": false,
    "DisableFormHistory": true,
    "DisableFirefoxAccounts": true,
    "DisableTelemetry": true,
    "SanitizeOnShutdown": true
  }
}
```

Mstari wa kwanza unazuia swali la kuhifadhi nywila. Wa pili unaua ile orodha inayoshuka. Wa tatu unazuia mteja kuunganisha akaunti yake ya Firefox. Wa nne unakata ripoti za matumizi zinazokwenda Mozilla. Wa tano unafuta historia, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha ili kumkumbuka mtu) na kashe (nakala za kurasa zilizofunguliwa) kila Firefox inapofungwa. Alamisho zako za tovuti za maombi hazifutiki.

Funga Firefox, ifungue upya, andika about:policies kwenye upau wa anwani. Ukiona mistari yako mitano, imekubali. Usipoiona, kuna makosa matatu ya kawaida: Notepad imelihifadhi kama policies.json.txt (kwenye "Save as type" chagua "All Files"). Alama za nukuu zimepinda kwa sababu umenakili kutoka Word. Au umebakiza mkato baada ya mstari wa mwisho.

Halafu kuna folda ya Downloads. Mpangilio huu hautakufutia faili zilizomo. Historia ya kupakua inaondoka, lakini cheti cha kidato cha nne na nakala ya kitambulisho cha NIDA vinabaki pale kwa majina yao kamili, na anayekuja baada yake akibofya kuambatanisha faili anaviona vyote. Kila mteja akimaliza: chagua faili zake, Shift+Delete. Delete ya kawaida inazipeleka tu kwenye pipa la taka.

---

BintiPangani alijibu:

Nikazie la dirisha fiche, maana wengi wanalitegemea kuliko linavyoweza.

Linachofanya: madirisha yote ya aina hiyo yakishafungwa, historia, vidakuzi na ulichojaza kwenye fomu vinaondoka. Neno la kushika ni "yote". Madirisha fiche yanashirikiana vidakuzi. Mteja wa kwanza akiingia Gmail kwenye dirisha fiche, ukamfungulia wa pili dirisha fiche jingine wakati lile la kwanza limejificha chini, wa pili akiandika gmail.com anaikuta barua pepe ya mwenzake iko wazi. Ni hivyohivyo kwenye Chrome na Firefox.

Lisilofanya: halifichi anwani ya IP ya duka (namba inayoitambulisha intaneti yenu), mtoa huduma wa intaneti bado anaona mnatembelea tovuti zipi, na tovuti zenyewe bado zinakusanya. Hili lilifika hadi mahakamani Marekani. Kesi ilifunguliwa mwaka 2020 dhidi ya Google kwa ajili ya data za watu waliokuwa kwenye hali fiche, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi.

Nyongeza kwa maelezo ya Fundi: mtindo wa kufuta unafanya kazi pale tu Firefox inapofungwa. Ikikaa wazi tangu asubuhi hadi Magharibi, wateja wote wa siku hiyo wamo ndani pamoja. Kila mteja akiinuka, funga Firefox nzima kwa Ctrl+Shift+Q. Alama ya X inafunga dirisha hilo moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ifungue uone imekaa sawa, kisha uifunge vizuri ndipo umwite mteja anayefuata.

Na mkuu, usilichukulie hili kama hisani tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu anayekusanya au kuchakata taarifa za watu. Tembelea tovuti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usome masharti ya usajili.

---

Raskazone_IT alijibu:

Wenzangu wamemaliza la mashine. Mimi nijibu la ufuatiliaji na la simu.

Opera Mini ni hodari wa kubana bando, sibishi. Lakini elewa inabanaje. Ukiweka ubanaji wa juu kabisa, ule wa "Extreme", ukurasa haufiki kwako moja kwa moja. Unafunguliwa kwenye seva za Opera, unabanwa, ndipo unaletwa kwenye simu. Maana yake ulinzi wa HTTPS (ufumbaji wa mawasiliano) kutoka kwako hadi benki unakatika katikati: seva ile inaona kilichomo. Soma habari za mpira humo, lakini usiandike nywila wala kufanya malipo.

Brave ilianzishwa na Brendan Eich, aliyebuni lugha ya JavaScript, pamoja na Brian Bondy. Imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Uzuri wake ni kwamba inazuia matangazo na vifuatiliaji tangu unapoifungua, bila kuongeza kitu. Doa lipo: mwaka 2020 iligundulika ikijijazia msimbo wake wa kamisheni watumiaji walipoandika anwani za tovuti fulani za sarafu za kidijitali. Waliomba radhi na kuliondoa. Ukiiweka, zima Brave Rewards na vitufe vya sarafu.

Firefox ya Android inapokea kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha uBlock Origin kinachozuia matangazo na vifuatiliaji, jambo ambalo Chrome ya Android haiwezi kwa sababu haina viendelezi kabisa. Hata Chrome ya kompyuta imeacha kuikubali uBlock Origin kamili baada ya kubadili mfumo wa viendelezi. Kimebaki kile cha Lite, chenye uwezo mdogo. Na tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta inatenga vidakuzi: kila tovuti ina sanduku lake, hivyo mtangazaji aliyekuona kwenye gazeti hakutambui kwa kidakuzi kilekile ukihamia tovuti ya ajira.

Kwa simu ya RAM GB 3, hukumu yangu: Brave kama unataka kuweka na kusahau, Firefox kama uko tayari kutumia dakika tano kuipanga. Kwenye Firefox ingia mipangilio, ulinzi dhidi ya ufuatiliaji weka "Strict", kisha nenda kwenye viendelezi uongeze uBlock Origin. Hicho kimoja kinatosha. Watu wanarundika viendelezi sita wakidhani wanajificha, kumbe wanajipambanua. Tovuti hukutambua pia kwa mchanganyiko wa ukubwa wa skrini, fonti, lugha na saa za eneo. Jipime kwenye coveryourtracks.eff.org.

Kuna video zinazoshauri kuwasha privacy.resistFingerprinting ndani ya about:config. Usiiwashe dukani. Inaficha saa za eneo lako, na tovuti zitaonyesha muda ulio nyuma ya wa Tanga kwa saa 3. Mteja akisoma hapo saa ya mwisho ya kutuma maombi, atadhani muda umekwisha kumbe dirisha bado liko wazi.

Tor si ya duka. Inapitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu, kwa hiyo ni nzito, na tovuti nyingi za maombi zitakudai uthibitishe kuwa si roboti kila mara au zitakukatalia kabisa. Na kwa VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), kumbuka Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaozitumia kutoa taarifa zake. Shida uliyoieleza haihitaji kimojawapo.

---

Steshenari_Ngamiani aliandika:

Shukrani sana wakuu, nawe dada BintiPangani. Nimefanya kwenye mashine moja na about:policies inaonyesha mistari yote mitano. Mambo mawili yamejitokeza. WhatsApp Web ya duka inadai niskani QR upya kila nikifunga Firefox, na wateja wanatuma vyeti humo siku nzima. La pili, niliweka "Strict" na ukurasa mmoja wa malipo ukabaki mweupe.

---

Fundi_Makorora alijibu:

La WhatsApp ni matokeo ya kufuta vidakuzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Usilegeze faili. Tengeneza akaunti mbili za Windows: Settings, Accounts, kisha "Other users" (huenda ikaitwa "Family & other users"). Moja ya duka yenye nywila, nyingine ya wateja ya aina ya "Standard". WhatsApp Web iweke kwenye akaunti ya duka, ndani ya Edge ambayo tayari imo kwenye Windows. Mteja hafungui akaunti hiyo, na vyeti vinavyoingia vinakaa kwenye Downloads yake peke yake. Kuhama ni Windows+L. Lakini kwa RAM GB 4, akaunti zote mbili zikiwa wazi mashine itakuwa nzito, hivyo WhatsApp ibaki kwenye kompyuta moja tu, ile unayokaa wewe.

La ukurasa mweupe: bofya alama ya ngao iliyo kushoto kwa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake, pakia upya. Ukibaki mweupe, bofya uBlock kama umeiweka, uizime kwa tovuti hiyohiyo. Fanya kimoja kimoja ujue kipi kilizuia. Usirudishe Firefox nzima kwenye "Standard" kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Na kabla hujaondoka kwenye Chrome ya zamani: wateja ambao akaunti zao zilikuwa zimeingia humo, wanaporudi waambie waende myaccount.google.com, sehemu ya usalama, waangalie vifaa vyao. Wakiikuta kompyuta yako bado imo, waiondoe wenyewe kutoka simuni mwao, kisha wabadilishe nywila.