Sola ya nyumbani Dar: gel, lithiamu au bila betri?

Mbezi_Juu: Wakuu, mafundi wamenipa bei tatu. Paneli nne za wati 550, inverta ya kilowati 3 na betri nne za gel (aina ya betri za risasi), milioni 4.2. Vifaa hivyohivyo kwa betri moja ya lithiamu, milioni 5.3. Paneli na inverta tu, milioni 2.3. Nina friji, feni, TV na pampu ya kisima. Nichukue ipi?

MamaTunu: LUKU ya elfu kumi inakupa uniti ngapi, na kwa mwezi unanunua ya kiasi gani?

Mbezi_Juu: Uniti 28. Kwa mwezi elfu 60.

MamaTunu: Basi uko T1, daraja la bei la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwa mwaka ni 720,000, kwa hiyo hata ukiacha LUKU kabisa, lithiamu itajilipa baada ya miaka saba na kitu. Mimi niko D1, daraja la watumiaji wadogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kila moja. Sola kwangu haitarudisha hela kamwe. Wa D1 afunge kwa sababu ya kukatika umeme, si kubana matumizi.

Fundi_Dom: Soma lebo ya betri: zidisha volti kwa Ah (ampea-saa), gawa kwa elfu, unapata uniti. Gel ya volti 12, Ah 200 ni uniti 2.4. Nne ni 9.6, lakini ukizimaliza zaidi ya nusu unaziua. Lithiamu ya volti 51.2, Ah 100 ni uniti 5.1 na unatumia asilimia 80 bila wasiwasi. Zinakaribiana, ila kwa joto la Dar gel utazibadilisha mapema, na hiyo milioni unayookoa kwa kuchukua gel inaishia hapo. Hiyo ya bila betri, kama ni ya kuunganishwa na gridi, TANESCO wakikata nayo inajizima.

Mwanakilifi: Huku Kenya kuna kanuni za 2024 za kurudisha umeme kwenye gridi, lakini uniti unayorudisha inahesabiwa nusu. Tumia mchana, usitegemee kuuza.

Fundi_Dom: Mkuu, omba bei ya kila kifaa peke yake. Sheria ya VAT ya 2014 ilisamehe paneli za sola, kwa hiyo ukiona asilimia 18 kwenye paneli, uliza. Halafu pampu ni hosipawa ngapi?

Mbezi_Juu: Moja na nusu.

Fundi_Dom: Ikiwaka inavuta mara tatu au zaidi ya nguvu yake, kilowati 3 itazidiwa. Panda hadi 5, au pampu ibaki TANESCO.