FilmFreeway, Festhome au niipandishe YouTube tu? Pesa ni kidogo, nisaidieni

MwanaKariobangi (Jumanne, saa 3:12 usiku)
Habari zenu wadau. Filamu yangu fupi ya kwanza imekamilika na nimebaki na KSh 15,000 za kuitafutia njia. Nimefungua akaunti FilmFreeway, ile tovuti ya kutuma filamu kwa matamasha, na matamasha ni mengi hadi kichwa kinaniuma. Mwenzangu aliyeshika kamera anasema Festhome, tovuti nyingine kama hiyo. Dada yangu anasema niipandishe YouTube watu waione, basi. Tamasha ninalolitaka linapandisha ada baada ya Ijumaa. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Mama_Sauti (saa 3:40 usiku)
Umeuliza bei ya kushona bila kusema nguo ni ya nani. Filamu ina dakika ngapi? Lugha gani? Ina maandishi ya chini ya Kiingereza? Imeshaonyeshwa popote? Muziki ni wa nani?

FundiRangi (saa 3:55 usiku)
FilmFreeway, sina haja ya kuzunguka. Kuweka filamu hapo ni bure, unalipa pale tu unapoituma kwa tamasha linalotoza. Na kabla ya kulipa, waandikie waandaaji uombe kusamehewa ada. Mimi nimesamehewa mara mbili kwa barua ya mistari mitano. Ulihariri na programu gani?

MwanaKariobangi (saa 4:20 usiku)
Samahani. Dakika 18, Kiswahili na Kikuyu kidogo. Maandishi ya chini bado. Haijaonyeshwa popote. Nilihariri kwa Premiere kwenye laptopu ya rafiki. Muziki ni wetu, ila kuna wimbo mmoja unaovuma sasa, unasikika ndani ya matatu kama sekunde 40.

NyayoZaNgara (saa 4:58 usiku)
Ndugu yangu, soma hii kabla hujagusa pesa. Filamu yangu ya pili niliituma kwa matamasha matano kwa usiku mmoja, kila moja kati ya dola 25 na 40. Baada ya wiki mbili nikaanza kupokea barua za ushindi. Filamu bora ya mwezi. Mwongozaji bora wa mwezi. Nilimpigia mama simu, akaita majirani, wakaniombea. Halafu ikaja barua nyingine: kombe lipo, lakini nilipie dola 120 nitumiwe. Hapo ndipo nikatulia nikazitazama kurasa zao vizuri. Matamasha mawili, ya nchi mbili tofauti, yalikuwa na picha ileile ya ukumbi: viti vyekundu, na kile cha tatu kutoka kushoto kimeng'oka mgongo. Hakukuwa na ukumbi. Filamu yangu haikutazamwa na mtu hata mmoja. Nilichobaki nacho ni picha za majani ya ushindi, na sijawahi kuzibandika kwenye bango. Uliza tamasha linaonyesha filamu wapi, siku gani, na mwaka jana lilionyesha zipi. Wakishindwa kujibu, ondoka.

Mama_Sauti (saa 5:10 usiku)
Pole sana Nyayo. Mwana, huo wimbo utoe. Una haki mbili ndani yake, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na matamasha yanakutaka uthibitishe unazo zote. YouTube nako Content ID, mfumo wao wa kutambua nyimbo zenye haki, itautambua mara moja. Ingia Freesound utafute sauti ya basi, lakini soma leseni: CC0 tumia upendavyo, CC BY lazima umtaje aliyerekodi, na ile ya NC usiiguse kama unataka kuuza filamu.

FundiRangi (saa 5:16 usiku)
Kwa dakika 18 tamasha la Cannes limekupita, filamu fupi zao mwisho ni dakika 15. Berlinale ya Ujerumani wanafika 30. Clermont-Ferrand kule Ufaransa ni tamasha la filamu fupi hasa, jaribu. Na hiyo Premiere ya kulipia kila mwezi achana nayo. Programu ya DaVinci Resolve ya bure inatoa picha hadi 3840 kwa 2160, na ukitaka ile kamili unalipa mara moja.

NyayoZaNgara (saa 5:21 usiku)
Laptopu ya RAM 8 na Resolve? Itaganda kabla hajamaliza hata onyesho moja.

FundiRangi (saa 5:23 usiku)
Atengeneze nakala nyepesi za kuhariria. Nimefanya hivyo miaka mitatu.

MzeeWaReli (Jumatano, saa 12:30 asubuhi)
Vijana, mmezungumza Ufaransa na Ujerumani usiku kucha. Watu wa Kariobangi wataiona lini? Goethe-Institut na Alliance Française hapa mjini huonyesha filamu, nenda ukaongee nao. Pitia pia Docubox, mfuko wa filamu wa hapa Nairobi, uone wanachofanya na filamu fupi. Na usisahau KFCB, bodi ya kupanga madaraja ya filamu Kenya: sheria inataka filamu ipangiwe daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. YouTube iache kwanza: matamasha kadhaa hukataa filamu iliyokwisha kuwa wazi mtandaoni.

FundiRangi (saa 1:05 asubuhi)
Si yote, mzee. Sundance, tamasha la Marekani, hawadai hivyo kwa filamu fupi.

MwanaKariobangi (saa 1:40 asubuhi)
Asanteni nyote. Wimbo nautoa leo. Freesound nimesikiliza mabasi zaidi ya ishirini, hakuna hata moja lenye kondakta anayegonga bodi. Ijumaa bado sijaamua. Kuna mwenye rekodi ya matatu yetu?

Mama_Sauti (saa 2:02 asubuhi)
Ninayo ya gari la Rongai, ila mvua inapiga dirisha. Hilo onyesho lako ni la mvua au la jua?

MwanaKariobangi (saa 2:04 asubuhi)
Jua.

Mama_Sauti (saa 2:09 asubuhi)
Basi Jumamosi napanda tena na kinasa sauti. Niambie unataka kiti cha mbele au cha nyuma.