Standardbred wakistaafu mbio wanafaa kupandwa?

kijana_usariver: Wakuu habari, mimi nahudumia farasi huku Usa River, tunatembeza wageni, sasa nimesoma kuhusu hawa Standardbred wa Marekani wanaovuta kigari kwenye mbio, wakistaafu mtu anaweza kuwapanda kweli au ni kigari tu?

mama_moshi: Wanapandwa vizuri tu mdogo wangu. Nimewatunza nilipokuwa nje, wapole jamani!! Wameshazoea hatamu, kuoshwa, kupigiliwa viatu vya kwato, kupakiwa kwenye lori, kelele za watu, yani hawashtuki hovyo. Waamishi kule (jamii ya Wakristo wasioendesha magari) wanawachukua wakitoka mbioni wanavuta vigari vya familia barabarani katikati ya malori, na wengine wanaenda kuwa farasi wa polisi.

mzee_tengeru: Ila kwenye mbio akianza kukimbia kwa kuruka dereva lazima amrudishe kwenye mwendo wake, troti au pesi (troti ni miguu ya mshazari kwenda pamoja, pesi ni miguu ya upande mmoja kwenda pamoja), kwahiyo kumfundisha huo mwendo wa kuruka na mtu mgongoni inataka subira sana. Usimchape kijana wangu, nakuomba. Jina Standardbred lenyewe limetoka kwenye kipimo (standard) cha 1879, maili moja kwa dakika 2 na sekunde 30.

kijana_usariver: Shikamoo mzee, asante. Na mtu mzima anambeba?

mama_moshi: Anambeba, mifupa yake imara, ila mgongo haujazoea uzito, anza na dakika chache, na tandiko limkae sawasawa.