Wikiendi Chanthaburi: aliyewahi kufika soko la vito anipe mwongozo

BintiWaUmba

Wadau, wakubwa shikamooni. Niko Bangkok kwa kozi fupi ya kupanga madaraja ya vito. Tunafunga Ijumaa alasiri, ndege yangu ni Jumatatu usiku, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zangu. Wenzangu wa darasani wanakwenda Pattaya kuogelea. Mimi moyo wangu uko Chanthaburi, mji wa soko la vito. Nimezaliwa Tanga, baba ananunua safaya za bonde la Umba tangu sijaanza shule, na nimekua nikisikia kwamba mawe yamekwenda Thailand. Nataka nione yanakofikia.

Naomba mnisaidie: nitoke Ijumaa au Jumamosi alfajiri? Nipandie wapi? Mtu asiyenunua anaruhusiwa kuzunguka sokoni, au nitaonekana nawazibia watu biashara? Pia mimi ni Muislamu, na nasikia huko nguruwe anaingia mpaka kwenye mchuzi wa tambi. Bajeti ni ya mwanafunzi. Safari ni mwanzoni mwa Juni.

MzeeTunduru

Marahaba mwanangu. Hapo umechagua vizuri sana, na baba yako atafurahi ukimhadithia. Mimi Wathai nimewajua tangu walipofurika Tunduru miaka ya 1990, baadaye nikaanza kuyafuata mawe mpaka huko kwao.

Toka Ijumaa hiyohiyo. Panda treni ya juu, ile BTS, ushuke kituo cha Ekkamai. Stendi ya mabasi ya mashariki iko hapohapo chini. Chanthaburi ni kama kilomita 245, wastani wa saa nne. Kuna mabasi makubwa na kuna vihaisi. Ukiwa na begi panda basi kubwa, utanyoosha miguu. Tiketi ya kurudi kata ukishafika tu, maana Jumapili jioni kila mtu anarudi Bangkok.

Ukilala mjini, Jumamosi asubuhi unatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Si Chan. Soko ni Ijumaa hadi Jumapili, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Asubuhi meza zinajaa polepole, adhuhuri limepamba moto, alasiri watu wanafunga virago. Ukienda Jumanne utakuta viti vimepangwa juu ya meza.

Sasa sikiliza linavyokwenda. Mnunuzi ndiye anayekaa. Anakodi meza, anabandika kibao cha anachotafuta: rubi za Msumbiji, safaya za buluu, spineli, kila mtu na lake. Wenye mawe ndio wanaomfuata na karatasi zao zilizokunjwa. Mnunuzi anamwaga mawe mezani, anayageuza kwa koleo, analeta lenzi jichoni, anataja bei. Mara nyingi aliye mbele yake ni dalali tu, hana mamlaka ya kukubali. Basi bei inaandikwa juu ya karatasi yenyewe, inafungwa kwa utepe wa gundi, na dalali anaondoka nayo mbio kumtafuta mwenye mali. Utepe ule haufunguliwi mpaka jibu lirudi. Mwenye mali akikubali, mnunuzi analipa, hata kama dakika ile ameonyeshwa mzigo mzuri zaidi. Nimefanya biashara sehemu nyingi na utaratibu huu naupenda kuliko wote, kwa sababu hauachi mlango wa mtu kubadilisha mawe njiani. Natamani mabroka wetu wa Arusha wauige.

Kuzunguka ni ruhusa kabisa. Simama nyuma ya bega la mnunuzi, usiweke mkono mezani, usipige picha bila kuomba. Utawasikia Wahindi, Wasri Lanka na Waafrika wa Magharibi, hasa Waguinea, na ndugu hao wana moyo wa kumweleza mgeni.

Kununua, taratibu sana. Migodi yao wenyewe, ya hapo Chanthaburi na ya Bo Rai kule mkoa jirani wa Trat, iliishiwa nguvu zamani. Kilichobaki ni mikono na matanuri, na kwa kuchoma mawe ili rangi ipendeze hawana mpinzani. Karibu na mwaka 2001 soko lilijaa safaya za rangi ya machungwa, nzuri ajabu, mpaka maabara zilipokuja kugundua kwamba zilichomwa pamoja na berili (beryllium), elementi ya kemikali inayobadilisha rangi ya jiwe. Malighafi nyingi ilikuwa ya Madagaska na ya Songea. Songea yetu! Mawe ambayo sisi tulikuwa tunayaona hafifu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mtu aliyeyachimba hakuwahi kuiona rangi ile. Ndiyo maana nawahimiza vijana kama wewe msome.

Berili hutaiona kwa lenzi, ni kazi ya maabara. Rubi zilizojazwa kioo utazigundua mwenyewe: geuza jiwe chini ya taa, ukiona vipovu na mmeto wa buluu ndani ya nyufa, rudisha mezani kwa heshima. Jiwe la bei kubwa lisilo na cheti cha maabara inayoaminika liache.

Shokishoki_ZNZ

Dada, karibu sana. Mimi nasoma Bangkok, kwetu Zanzibar. Mzee kamaliza ya mawe, mimi nikupe ya tumbo na macho.

Mwanzo wa Juni ni msimu wenyewe wa matunda na Chanthaburi ndiyo shamba la Thailand: doriani, shokishoki, mangostini, vimerundikwa barabarani. Mtu wa pwani utajihisi uko nyumbani. Doriani ule hukohuko kwenye kibanda, hoteli nyingi zinakataza kuliingiza chumbani. Mvua ipo, na mkoa ule unanyeshewa kwelikweli, kwa hiyo chukua koti jepesi na viatu visivyoogopa maji.

Chakula: tafuta alama ya halali, wanaiandika kwa Kiarabu na inabandikwa mbele ya duka. Pasipo na alama, sema "mai sai mu", yaani bila nguruwe, lakini hiyo haikuhakikishii mchuzi. Mji ule unasifika kwa tambi nyembamba za mchele zinazokaangwa na kaa. Hata hizo muulize mpishi anakaanga kwa mafuta gani, na awe hajatumia sufuria ya nguruwe.

Jumapili asubuhi pita mtaa wa kale wa Chanthaboon, ule wa nyumba za mbao kandokando ya mto. Kuna daraja la miguu linalokuvusha mpaka kanisa kuu la Wakatoliki, la mwaka 1909, lililojengwa na jamii ya Wavietinamu waliokimbilia hapo kwa ajili ya dini yao. Ingia hata kama si dini yako, umevaa nguo ya heshima. Ndani kuna sanamu ya Bikira Maria iliyopambwa kwa safaya zinazotajwa kuwa zaidi ya 200,000. Wewe mtu wa madaraja ya vito utasimama hapo muda mrefu.

Ukibakiwa na saa chache, maporomoko ya Phlio yako kama kilomita 14 nje ya mji. Maji baridi, samaki wamejaa mpaka wanagusa magoti, wageni wanawalisha kunde ndefu za kijani. Pembeni kuna piramidi ya mawe aliyoijenga mfalme Chulalongkorn kumkumbuka malkia Sunandha, aliyezama mtoni mwaka 1880.

Mvoi254

Niongeze kitu kidogo, mimi natoka Voi na tunauza green garnet, kito cha kijani. Beba lenzi yako na tochi ndogo yako mwenyewe. Kila meza iko na taa yake, na taa ya meza imechaguliwa ipendezeshe jiwe. Ukitaka kujua rangi, omba ulitoe nje kwa mwanga wa asubuhi. Wengi wanakubali.

BintiWaUmba

Asanteni mno, Mungu awalipe. Nimeamua Ijumaa usiku. Swali la mwisho kwa Mzee: baba amenipa safaya mbili ndogo za Umba, hazijakatwa, nilizokuja nazo kwa ajili ya darasa, na karatasi zake ninazo. Nikienda nazo nimwonyeshe mkataji, ni sawa?

MzeeTunduru

Ni sawa, ila beba na karatasi zenyewe, usiziache hotelini. Zipime gramu zake mbele ya shahidi kabla hujatoka Bangkok na uzipige picha pande zote. Ukimkuta mkataji, akuambie kwa mdomo angekata umbo gani na angepoteza kiasi gani, kisha umwombe akuchoree mstari kwa kalamu juu ya jiwe. Asiliweke kwenye gurudumu siku hiyo. Mstari ule utamwonyesha baba.