Naomba ushauri: ndege wa kifua cha njano kwenye malisho yangu, Kinangop

Mwana wa Nyasi: Hamjambo wadau. Kiangazi hiki nimeona ndege wawili malishoni kwangu, Kinangop Kusini. Kifua cha njano, mgongo wa kahawia, wakiruka kingo za mkia zinaonekana nyeupe. Wanatembea chini tu, kati ya vishungi vya nyasi. Nimeambiwa huenda ni kucha-ndefu wa Sharpe. Je, wanavumilia kelele? Naomba jibu mapema, sina raha.

Darubini Moja: Kama ni huyo, una hazina. Macronyx sharpei yuko Kenya peke yake, nyanda za juu tu. Anataka nyasi fupi zenye vishungi. Humo ndimo anamojificha na kutaga. Ng'ombe na kondoo wachache hawamsumbui. Kelele ya nini lakini?

Mzee wa Ol Bolossat: Umenikumbusha korongo taji wetu huku ziwani. Jozi moja ilijenga tago kwenye matete, watoto wa malishoni wakabeba vifaranga. Nilienda kwa mama zao nyumba kwa nyumba mpaka kimoja kikarudishwa. Mbayuwayu wa Ulaya nao bado wamejaa juu ya maji, hawaondoki kabla ya Machi au Aprili.

Kipanga wa Moshi: Mkuu, hujajibu. Kelele gani?

Mwana wa Nyasi: Ya trekta.

Kipanga wa Moshi: Trekta linafanya nini malishoni?

Mwana wa Nyasi: Haya. Nimemkodisha mtu wa viazi ekari tatu kwa misimu miwili. Analima Jumatatu, awahi mvua. Arubuni nilishapokea na karo nimelipa. Msinihukumu, majirani wote wamelima, na maziwa peke yake hayalishi nyumba. Nimemwambia aache ukingo wa mita tano kando ya mikaratusi. Ndege watahamia hapo.

Darubini Moja: Hawatahamia. Huyu ni ndege wa uwanda wazi, kivuli cha mikaratusi si makazi yake. Nyasi zile zikishapinduliwa, vishungi havirudi kwa msimu mmoja. Hivyo ndivyo alivyopungua Kinangop: kipande kwa kipande, kila mtu akiona chake ni kidogo.

Shangazi Sufu: Mwanangu, ardhi tumeachiwa tuitunze. Njabini kuna watu wanaosokota sufu ya kondoo na kuiuza, na malisho yanabaki malisho. Nature Kenya, lile shirika la uhifadhi, nao wamenunua vipande vya nyasi hapo Kinangop kwa ajili ya ndege huyo huyo. Uliuliza kabla ya kushika pesa?

Mwana wa Nyasi: Shangazi, karo haingoji sufu.

Chipsi Kavu: Barafu ya alfajiri itaunguza hivyo viazi, ndege warudi kwao. Kesi imekwisha 😂

Mwana wa Nyasi: Nimeweka picha hapo juu, tazameni.

Jicho la Tai: Ngojeni. Ndege wa pichani ana mkufu mweusi kifuani. Huyo ni kucha-ndefu wa koo la njano, wa nyanda za chini zaidi. Kinangop gani hiyo? Uzi huu umetungwa. Kesho tutaombwa mchango.

Kipanga wa Moshi: Nami nilishangaa. Ndege adimu, trekta Jumatatu, karo: vyote kwa pamoja?

Mwana wa Nyasi: Picha ni ya intaneti, simu yangu haivuti mbali. Mchango sijaomba wala siombi. Wa kwangu leo asubuhi alipanda juu ya kishungi hatua chache kutoka nilipokuwa nikikamua. Kifuani ana vistari vyembamba, kama vya penseli. Mkufu hana. Mguuni kucha ya nyuma imetokeza nje ya nyasi, ndefu kuliko kidole chenyewe.

Jicho la Tai: Ungeanza na hayo.

Darubini Moja: Vistari bila mkufu, kwa mwinuko huo, ni Sharpe. Ongea na mtu wa viazi leo hii. Aanzie upande wa mikaratusi, ekari yenye vishungi aiache, na kodi yake umrudishie kidogo kidogo. Niko Naivasha, Jumamosi asubuhi nitakuja na darubini.

Mwana wa Nyasi: Ekari ya vishungi ndiyo iliyo karibu na maji, ndiyo aliyoitaka kwanza. Nimempigia, hashiki simu. Wewe njoo, ukifika Njabini nitumie ujumbe.